Rangi ya sakafu ya mbao haichaguliwi kwenye kadi ya dukani

Mhariri,

Wengi wanaotandika sakafu mpya ya mbao hapa Nairobi huchagua rangi kwa kutazama kadi ya duka la hadiwea, kisha humlaumu fundi sakafu ikitoka tofauti. Rangi ya mbao si kama ya ukuta. Haifuniki, bali huzama na kuchanganyika na rangi ya ubao wenyewe, hivyo mkebe mmoja hutoa sura mbili kwenye saipresi na mahogani.

Fundi asitupe vipande vinavyobaki. Avipige msasa uleule wa sakafuni, apake rangi, halafu vanishi makoti yote. Sampuli isiyo na vanishi inadanganya, kwa sababu vanishi ya mafuta hukoleza rangi na kuleta umanjano. Vilazwe chini, mwenye nyumba avitazame mchana karibu na dirisha na usiku taa zikiwaka.

Saipresi na paini ndizo zinazosumbua zaidi. Sehemu laini hunywa rangi nyingi, vifundo vyenye utomvu hukataa, na sakafu hubaki na mabaka. Kwanza ipakwe vanishi ya mafuta iliyozimuliwa, sehemu moja kwa mbili za tapentaini. Rangi itatoka nyepesi kidogo, lakini itakuwa sare. Anayetaka rangi nzito sana juu ya saipresi namsihi afikirie tena, maana vumbi letu jekundu na kila mkwaruzo huonekana wazi kwenye sakafu nyeusi. Mvule nao usipakwe rangi kabisa. Mwanga wenyewe huugeuza kutoka manjano hadi kahawia.

Msasa uanze namba 60, uende 80, uishie 100 au 120. Ukimalizia kwa 220 unaziba vinyweleo na rangi haishiki. Hiyo ni ya kupitisha kati ya koti na koti la vanishi. Rangi ifutwe kwa kitambaa baada ya dakika 10 hadi 15. Ikiachwa ikauke juu juu, vanishi itashikana nayo badala ya ubao, na baada ya miezi michache itabambuka.

Kwa vanishi, polyurethane ya sakafu ndiyo inayostahimili viatu. Ile ya maji haileti umanjano na hukauka kwa saa chache. Ya mafuta huhitaji siku nzima, na baridi ya Juni hadi Agosti huichelewesha zaidi. Sealer ya fanicha, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao, isitangulizwe chini yake, hudhoofisha mshiko. Polishi ya nta pia isiguse mbao hizo, kwani vanishi haikai juu ya nta. Vanishi ya kung'aa sana huonyesha mikwaruzo, hivyo ningechagua inayong'aa kidogo tu.

Lita moja ya vanishi hutosha takriban mita 10 za mraba kwa koti moja. Chumba cha mita 3 kwa 4 kikipakwa makoti matatu kinahitaji karibu lita 4.

Vitambaa vilivyolowa rangi au vanishi ya mafuta visirundikwe pembeni, huweza kujipasha joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke. Zulia lisirudishwe kabla ya wiki mbili.

Fundi wa sakafu,
Nairobi