Neno "haya" na redio ya mnara

Kiembesamaki, Unguja
Jumapili, baada ya isha

Sahibu yangu Nahodha,

Assalaam alaykum. Hapa sote wazima, mvua tu ndiyo haitupi nafasi, na bati la jikoni linavuja pale pale ulipopaona. Mama anakusalimu, anasema zile karafuu zimefika.

Ulipokuja Iddi ulinitupia suala barazani, nikashindwa kulijibu kwa kelele za wacheza karata. Ulisema: nyie watu wa ndege mna mnara wa kuongozea, mna taa, mna redio, na zikiwa chini ndege zenu hutambaa kama gari ya ng'ombe, vipi zinagongana? Nimelala nalo siku zote hizi. Kwa nionavyo mie, redio inapokoroga, mtu husikia lile alokuwa akilingojea.

Redio wewe unaijua, ila ya kwenu na ya kwetu si moja. Ya baharini ni FM: wakisema wawili kwa pamoja, mwenye nguvu humfunika mwenziwe, ukasikia mmoja tu. Ya ndege mpaka leo ni AM: wakibonyeza wawili pamoja, sauti hupambana ukasikia mlio, kama bawaba iliyokosa mafuta. Mlio huo angalau unakujuza kuwa kuna mwengine kasema. Kasema nini, Mungu ndiye ajuaye.

Ndio mlio uliosikika Tenerife, kisiwa cha Uhispania, tarehe 27 Machi 1977. Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, zilikuwa zimepelekwa hapo kwa sababu bomu lililipuka katika kiwanja cha kisiwa cha jirani. Ukungu ukashuka. Mnara hauoni ndege, na ndege hazionani. Pan Am bado inatembea juu ya ranwei, ile njia ya kurukia na kutulia ndege, imeambiwa itoke kwa njia ya tatu, na wao hawana yakini ya tatu ni ipi. Ya KLM ishafika mwisho na kugeuza, na rubani msaidizi akasema redioni maneno ambayo kwa Kiswahili ningeyaweka hivi: "sasa tuko kwenye kuruka." Hebu yasikilize. Tuko tayari tunangoja, au ndo tunaondoka? Wa mnara akafahamu la kwanza. Akajibu "OK", akanyamaza kidogo, kisha akasema ngojeni, nitakuiteni. Wakati anasema ngojeni, Pan Am nao wamebonyeza, wanasema bado tumo ranwei. Mlio! Kilichowafikia safi wale wa KLM ni ile OK. Mhandisi wao aliuliza humo humo ndani kama Pan Am keshatoka. Rubani mkuu akamjibu kwa yakini kuwa katoka. Walikufa watu 583.

Ile OK ni "haya" yetu. Na sisi tumeitumia mpaka imechakaa: haya ya kukubali, haya ya kumhimiza mtoto, haya ya nimekusikia, haya ya twende zetu, haya ya nimechoka kubishana nawe. Mkiwa uso kwa uso unajua ni ipi. Redioni hakuna uso.

Sasa nikupe yangu, ambayo sijapata kukuhadithia. Masika ya mwaka wa kwanza niliposhika gari ya kukagua ranwei, Kiingereza changu cha redio kilikuwa bado kichanga, nikawa nachomekea Kiswahili. Asubuhi moja mvua imefunga, nikaomba kuingia. Ukaja mlio, nadhani gari nyengine ilibonyeza pamoja na mnara, na mwisho wa mlio nikaambulia neno moja: haya. Nikatia gia. Mzee niliyekuwa nikifundishwa naye alikuwa na kitumbua mkono wa kulia. Kwa wa kushoto akavuta hendibreki. "Umeambiwa ingia, au umeambiwa haya?" Nikaona ananikera tu. Nikauliza tena, nikajibiwa ngoja hapo hapo. Waipa hazijapita mara kumi, taa zikachomoza ndani ya mvua, ndege ndogo ya Caravan kutoka Pemba ikagusa chini mbele yetu, maji yakaruka mpaka kwenye kioo. Mzee akarudi kwenye kitumbua chake. Hakuniambia kitu siku nzima, na bora angenitukana.

Baada ya Tenerife waliliweka kando neno lenyewe la kuruka: halitamkwi mpaka ruhusa yenyewe inatolewa, au inafutwa. Na amri yoyote ya kuingia ranwei, kuikata au kusimama nje yake lazima uirudie pamoja na jina lako la redio. Ukisema "roja" peke yake hujajibu kitu, umesema imenifikia tu. (Salamu zetu ndefu hazina nafasi humo. Ukianza na habari za tokea jana, kuna mtu yuko angani anakungoja umalize.)

Lakini linaloninyima raha ni la Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024. Ndege ndogo ya walinzi wa pwani, imebeba misaada ya tetemeko la siku moja nyuma, iliambiwa ni namba moja, iende hadi mahali pa kusimamia nje ya ranwei, paitwapo C5. Walirudia sawasawa: C5, namba moja, ahsante. Kisha wakaingia ranwei wakasimama, Airbus ya Japan Airlines ikawashukia. Abiria na wafanyakazi wa Airbus wote 379 walitoka hai ndani ya moto, na katika sita wa ndege ndogo akabaki rubani mmoja. Maneno yalirudiwa bila kosa! Ila ukimwambia mtu mwenye haraka ya kheri kuwa yeye ni namba moja, moyo wake ushakwenda. Baada ya hapo Wajapani wakasita kwa muda kumwambia rubani zamu yake.

Nyumbani wananicheka. Wakinituma dukani narudia: unga kilo mbili, nazi tatu, kiberiti. Mke wangu husema nimeoa mnara.

Nami nina suala langu kwako. Pale Wesha, mnapoondoka na wageni kwenda Misali, yule kijana wa kamba ukimwambia "haya", huwa anafungua au anangoja? Usinijibu upesi. Mtazame wiki hii, asijue kama unamtazama, kisha uniandikie.

Wasalimie wote.

Wako,
Dereva