Mzazi asiachwe peke yake leba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wanaojifungua. Miezi mitatu iliyopita nilimpeleka binti yangu, mimba ya kwanza, kutoka hapa Mkonze kwenda kujifungua. Mlangoni mwa leba nikaambiwa nibaki nje. Nilikaa kwenye benchi tangu saa tatu usiku hadi alfajiri, chupa ya uji wa uwele mapajani, nikimsikia akiniita. Simlaumu muuguzi, alikuwa peke yake na wazazi wanne. Lakini kumsugua mtu kiuno, kumshika mkono, kumkumbusha kupumua, mimi ningeweza. Katika mwongozo wake wa 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mwanamke awe na mtu amtakaye kando yake wakati wa uchungu, na anayepata msaada huo mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida. Niliambiwa sababu ni faragha ya wengine. Basi watundike mapazia kati ya vitanda! Nyumbani nilimhudumia siku arobaini, nikimbembeleza mtoto ili mama yake alale. Hadi leo ananiuliza, "Mama, mbona hukuja?"

Bibi wa mjukuu mmoja,
Mkonze, Dodoma