Mafunzo ya marejeleo, Jumamosi hapa Moshi

Walimu wenzangu, salaam. Jumamosi saa 3 asubuhi tunaanza na Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeleo, ni ya bure. Wanafunzi waipakue mapema, maana intaneti ya maabara huelemewa wote wakipakua kwa pamoja.

Muda mwingi tuupe majina ya waandishi, ndiko kazi nyingi zinakoharibika. Ukigawa "Wizara ya Afya" kwenye visanduku viwili, cha jina la ukoo na cha jina la kwanza, mtindo wa APA (mmoja wa mitindo ya kuandika marejeleo) utaifanya Afya jina la ukoo na Wizara itabaki W. tu. Bofya alama iliyo kando ya jina, kibaki kisanduku kimoja.

Rekodi zinazotoka Google Scholar, tovuti ya kutafuta makala za kitaaluma, zikaguliwe mwaka na kurasa. Orodha ya marejeleo ndani ya Word isiguswe kwa mkono: ikisasishwa, masahihisho yanafutika. Sahihisheni ndani ya Zotero kwenyewe.