"Anayetaka kula arudi kwangu"

Mdogo wangu,

Jumapili uliponipa simu pale jikoni kwa mama mdogo, niliusoma ujumbe ule wa mumeo mara mbili: "Anayetaka kula arudi kwangu." Nikakurudishia simu, nikaendelea kuchambua mchele kwa sababu mama alikuwa anatega sikio. Leo nakujibu hadharani, jina lako nimelificha, maana waliotumiwa maneno kama hayo ni wengi.

Hujaachwa, wala hujadai talaka. Bado ni mkewe. Kifungu cha 63 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinamtaka mume ampe mkewe makazi, mavazi na chakula kwa kadiri ya uwezo wake. Akikataa au akipuuza, kifungu cha 115 kinaipa mahakama mamlaka ya kumwamuru alipe. Kuwa kwako kwa mama mdogo peke yake hakumfutii wajibu huo.

Ila kuna kitu kimoja kimeninyima usingizi. Kifungu hichohicho cha 63 kinaanza kwa kuwatoa kwenye wajibu huo wanandoa waliotengana kwa makubaliano au kwa amri ya mahakama. Sasa shemeji yako anakuja na karatasi, eti "tuandikishane mkae mbalimbali kwa amani". Usisaini! Si kwamba kila karatasi ya namna hiyo ni mtego, lakini hiyo niliyoiona haina hata mstari mmoja wa matumizi. Mpe chai, mwambie utaisoma.

Mjomba anadai lazima uanzie baraza la usuluhishi wa ndoa. Amechanganya. Baraza ni sharti kwa anayetaka talaka. Wewe unataka matunzo, na mahakama ya mwanzo inaweza kukusikiliza.

Hakimu atapima mambo mawili makubwa: kipato cha mumeo na mahitaji yako, na ataangalia pia desturi za jamii yenu. Kwa hiyo usiende ukalie tu. Beba lile daftari la dukani, lenye "sukari nusu, mafuta ya kula kibaba, sabuni" na deni limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Beba risiti za zahanati. Ujumbe wake usiufute, hata ukikuchefua, maana amekiri mwenyewe kwamba hakulishi. Na zile bodaboda tatu anazokusanyia hesabu kila jioni, zitaje.

Utaulizwa kwa nini uliondoka. Sema kuhusu ule usiku na ule mkanda, usione aibu. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake.

Watoto wana haki yao peke yao. Kifungu cha 129 kinamtaka baba awatunze, wawe kwake au kwa mtu mwingine, labda kama makubaliano au amri ya mahakama imesema vinginevyo. Asikuchanganyie hesabu akikutumia elfu kumi ya daftari za shule na kuiita matumizi yako.

Sikudanganyi kwamba ni kazi ya siku moja. Utazungushwa, atakwepa wito, na hata amri ikitoka, kuna wanaume wanaolipa mwezi wa kwanza halafu wanazima simu. Ikifika hapo tunarudi kwa hakimu yuleyule.

Nitakuja Alhamisi na basi la alfajiri. Kile cheti cha ndoa kitoe chini ya godoro, kisije kikalowa kama mwaka jana.

Dada yako.