Kinachoanguka ndani hulipukaje nje?

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Swali lako sijalisahau: nyota ikiporomoka kwa ndani, mbona vipande vyake viruke nje? Nimelala nalo siku kadhaa, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo lote.

Nyota yenye uzito unaozidi mara 8 ule wa Jua huishi kwa kuunganisha atomi nyepesi ziwe nzito, na joto linalopatikana ndilo huizuia isijiangukie. Haidrojeni, kuni zake za kwanza, huitosha mamilioni ya miaka. Silikoni, mwishoni kabisa, huisha kwa takribani siku moja! Kinachobaki katikati ni chuma, nacho hakitoi nishati ukikiunganisha. Kiini hicho cha chuma kikikaribia uzito wa mara 1.4 ya Jua, hushindwa kujibeba. Kitu chenye ukubwa kama wa Dunia hujikunja hadi kilomita makumi machache tu, kabla hujamaliza kutamka "nyota". Elektroni hushindiliwa ndani ya protoni, zikazaliwa nyutroni, pamoja na nyutrino, chembe nyepesi mno.

Nyutroni zikigoma kubanwa zaidi, kinachoanguka hugonga na kudunda, na wimbi la mshtuko huanza safari ya kwenda nje. Zamani niliamini mdundo huo ndio mlipuko wenyewe. Sivyo. Wimbi huishiwa nguvu kwa kuvunjavunja viini vya atomi za chuma linavyokutana navyo, na kwenye kilomita 150 hivi kutoka katikati husimama. Linakaribia kufa. Wokovu wake ni nyutrino, chembe ambazo kwa kawaida hupenya hata miili yetu bila kugusa kitu. Pale zinatoka nyingi mno, na gesi ni nzito mno, hata sehemu ndogo yake hunaswa, gesi ikachemka na kulisukuma wimbi upya. Saa kadhaa baadaye linatokeza juu ya nyota.

Ushahidi upo. Tarehe 23 Februari 1987, matangi makubwa ya maji chini ya ardhi yalimeta kwa sekunde chache nyutrino zilipogonga maji: Japani nyutrino 11, Marekani 8. Mwanga wa nyota iliyolipuka ulifuata saa kama tatu baadaye, kutoka Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 168,000. Karibu asilimia 99 ya nishati yote iliondoka na nyutrino. Ule mng'ao uliowashangaza watu ulikuwa makombo.

Na kila aliyekuwa hai siku ile, nyutrino hizo zilimpitia mwilini, mchana au usiku, hata aliyekuwa amelala.

Niandikie upesi.

Wako daima