Lumbesa ni wizi, mizani ziletwe vijijini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lumbesa, ambayo kila msimu wa mavuno inarudi vijijini kwetu Kongwa ingawa sheria inaikataza. Mkulima analipwa gunia la debe sita. Mnunuzi hulisimamisha, akalitikisa, akalishindilia kwa mti, kisha akalishonea kilemba juu, na debe la saba linaondoka bure. Huo ni wizi, hata kama fedha zimehesabiwa mbele ya mashahidi.

Tamaa hiyo huzaa nyingine. Mkulima aliyepunjwa mwaka jana, mwaka huu anachanganya mchanga, au anauza mahindi kabla hayajakauka ili yaonekane mazito. Simtetei hata kidogo. Mahindi yenye unyevu huota ukungu unaoleta sumukuvu, na watu wa Dodoma na Manyara hatujasahau vifo vya mwaka 2016. Naye mfanyabiashara mwaminifu wa soko la Kibaigwa anaumia, maana hawezi kushindana kwa bei na mwenzake aliyebeba debe la bure.

Nashauri kila kijiji kiwe na mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ikae ofisi ya kijiji, na mzigo usiopimwa hapo usipewe stakabadhi ya ushuru. Fedha za kuinunua zitoke kwenye ushuru huohuo wa mazao unaokusanywa na halmashauri. Wakala nao waje kukagua wakati wa mavuno, magunia yakiwa bado uani kwa mkulima, wasisubiri malori yafike barabara kuu.

Mkulima,
Kongwa, Dodoma