Walimu waliogoma na mifuko ya Busia

Mhariri,

Hapa Busia watu wamekasirika kuwaona walimu wa serikali waliogoma wakivuka kwenda kununua vitu upande wa Kenya. "Hawana mshahara lakini mifuko imejaa!" wanasema vijana wa bodaboda. Mifuko yenyewe nimeiona: unga, sabuni, mafuta ya kupikia. Sisi wa mpakani sote huvuka panapokuwa na nafuu, wenye kelele wakiwemo.

Mgomo wenyewe una chanzo: mwaka 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi; mwenzake wa sanaa, wa shule hiyo hiyo, akaachwa nyuma. Wakasirikiwe waliopanga hivyo.

Ila anayerudi na televisheni kichwani, huyo simtetei.

Mzazi,
Busia, Uganda